Chupa ya Château Latour Iliyokomaa: Kuichagua, Kuifungua na Kuimimina

Mvinyo mwekundu wa Château Latour huundwa ili usubiri. Chupa ya mwaka mzuri ikifunguliwa ikiwa na miaka minane au kumi, utakuta mvinyo mweusi, mgumu, wenye tanini (ukali unaotoka kwenye ngozi za zabibu) inayokausha fizi, na harufu zake nyingi zikiwa bado zimejifungia ndani. Ikifika miaka 25 au 30 ndipo inapofunguka. Ajabu ni kwamba chupa iliyotunzwa vizuri muda wote huo mara nyingi huharibiwa katika siku mbili za mwisho: inatikiswa garini, inasimamishwa saa moja tu kabla ya mlo, inafunguliwa kwa kizibuo kisichofaa, kisha inamiminwa pamoja na mashapo yake. Makosa hayo karibu yote yanaepukika.

Hakikisha ni Latour unayoidhania

Latour ni shamba la mizabibu lililoko Pauillac, katika eneo la Médoc kaskazini mwa mji wa Bordeaux, Ufaransa, kando ya maji mapana ya Gironde. Katika orodha rasmi ya mvinyo wa Bordeaux ya mwaka 1855 iliwekwa daraja la kwanza pamoja na Lafite, Margaux na Haut-Brion. Mouton iliongezwa mwaka 1973. Kiini cha shamba ni l'Enclos, kipande cha takriban hekta 47 kinachozunguka majengo, na huko ndiko zinakotoka zabibu za mvinyo mkuu. Juu kuna changarawe nene, chini yake mfinyanzi unaohifadhi maji wakati wa kiangazi, na ukaribu wa Gironde hupunguza makali ya baridi ya usiku. Ndiyo maana zabibu za Cabernet Sauvignon huiva hapo hata katika miaka iliyowashinda wengine.

Shamba hutoa mvinyo mwekundu wa aina tatu, na bei zake zimepishana sana. Mvinyo mkuu una maneno «Grand Vin de Château Latour» pamoja na picha ya mnara wenye simba juu yake. Les Forts de Latour ni mvinyo wa pili, ulioanza na mavuno ya 1966. Wa tatu huitwa Pauillac de Latour. Kisha kuna majina yanayofanana lakini hayahusiani kabisa na shamba hili: Latour-Martillac, La Tour Carnet, Latour à Pomerol, na Louis Latour ambaye ni mfanyabiashara wa Bourgogne, upande mwingine wa Ufaransa. Neno «latour» ni mnara tu kwa Kifaransa, na minara ni mingi. Soma lebo yote, si neno lililoandikwa kwa herufi kubwa peke yake.

Mwaka upi

Kwa mtu anayetaka kunywa leo na si kuweka akiba, 1982 na 1990 zimekomaa na zina utamu wa matunda uliotulia. 1996 ni ya Cabernet hasa, imenyooka na ina uti wa mgongo. Ipe muda mrefu zaidi hewani. 2003, mwaka wa joto kali Ulaya, ni laini zaidi na ilifunguka mapema kuliko ndugu zake. 2005 na 2010 ni nzito sana. Kuzifungua sasa ni kulipia kitu ambacho hakijafika. Wanywaji wengi hupuuza miaka ya kati kama 1999, 2001 na 2004, na hapo wanakosea. Hii ni miaka isiyo na sifa kubwa, bei yake ni nafuu ukilinganisha, na Latour inajulikana hasa kwa kufanya vizuri katika miaka ya namna hiyo.

Kama hujawahi kufungua chupa ya umri huu, anza na Les Forts ya miaka 20 hivi. Mashapo yake, kizibo chake na tabia yake hewani vinafanana na vya mvinyo mkuu, na ukikosea hasara ni ndogo.

Kuikagua kabla ya kulipa

Anza na kiwango cha mvinyo. Simamisha chupa mbele ya mwanga. Kadiri miaka inavyopita, mvinyo hupotea kidogo kidogo kupitia kizibo na hewa huchukua nafasi yake. Chupa ya miaka 15 inapaswa kuwa bado imejaa hadi shingoni. Ya miaka 30 hadi 40 ikiwa imeshuka hadi chini ya shingo, au mwanzo kabisa wa bega, ni kawaida. Ikifika katikati ya bega unacheza bahati nasibu, na ikishuka chini ya hapo usinunue kwa ajili ya kunywa, hata kama lebo inang'aa. Kinyume chake pia kinatia shaka: chupa ya miaka 60 iliyojaa hadi karibu na kizibo ama imezibwa upya, na hapo muuzaji anapaswa kuwa na maelezo, ama si ile inayodaiwa.

Kisha tazama kifuniko cha bati kinachofunika kizibo. Kama kimetuna juu, kizibo kimesukumwa na mvinyo uliopata joto ukapanuka. Michirizi myekundu iliyokauka shingoni husimulia jambo lilelile. Jaribu kukizungusha kwa vidole bila nguvu: kikigoma kabisa, huenda mvinyo ulivuja ukakauka na kukigandisha. Lebo yenye madoa ya unyevu au ukungu si tatizo; ghala lenye unyevu huchafua karatasi lakini hulinda kizibo. Lebo safi mno juu ya chupa ya miaka 50 inastahili maswali mengi zaidi.

Rangi huonekana ukiweka tochi nyuma ya shingo. Unatafuta wekundu unaoelekea kwenye rangi ya tofali. Ukiona kahawia tupu ya chai ya rangi, mvinyo umeshaungua kwa hewa.

Kuhusu asili, swali la msingi ni chupa imelala wapi miaka yote hii. Latour, inayomilikiwa na François Pinault tangu 1993, ilitangaza mwaka 2012 kwamba inaacha kuuza mvinyo ukiwa bado kwenye mapipa. Mavuno ya 2011 yalikuwa ya mwisho kuuzwa hivyo. Tangu hapo shamba huweka chupa kwenye maghala yake na kuzitoa linapoona zinafaa kunywewa. Chupa iliyotoka moja kwa moja huko ni ghali zaidi ya ile iliyopitia mikono mitano, na kwa maoni yetu tofauti hiyo ya bei ni halali. Kughushi si hadithi: mwaka 2013 mahakama ya New York ilimtia hatiani Rudy Kurniawan kwa kuuza mvinyo wa bandia wenye majina makubwa ya Ufaransa. Uthibitisho mwingine utaupata baadaye, utakapotoa kizibo: kinapaswa kuwa kirefu na chenye chapa ya shamba na mwaka wa mavuno.

Kupumzisha, kulaza, kusimamisha

Chupa ikifika nyumbani, ilaze gizani kwenye nyuzijoto 12 hadi 14, unyevu wa kama asilimia 70, mbali na mtetemo. Joto linalopanda na kushuka ni baya kuliko joto la nyuzi 16 lisilobadilika, kwa sababu mvinyo unaopanuka na kusinyaa husukuma na kuvuta kizibo kama pampu. Jokofu la jikoni halifai kwa miezi: hewa yake ni kavu, na mlango hufunguliwa kila saa.

Baada ya safari, ipe wiki tatu au nne kabla ya kuigusa. Hapa sababu ni mashapo. Cabernet ina punje ndogo zenye ngozi nene, na tanini pamoja na rangi iliyotoka kwenye ngozi hizo hushikana polepole ndani ya chupa mpaka zinakuwa nzito na kuzama. Katika Latour mashapo haya ni mengi, na sehemu yake ni unga laini mno. Ukiyatibua, mvinyo hupoteza uangavu na mdomoni unapata uchungu wa vumbi. Vipande vikubwa huzama kwa saa chache. Ule unga unataka siku.

Siku tatu kabla ya mlo, inua chupa taratibu na uisimamishe mahali penye ubaridi. Iinue kwa mwendo mmoja, bila kuizungusha, ili mashapo yaliyolala ubavuni yateleze hadi chini. Siku moja ni kima cha chini. Kama hukuwa na muda huo, usiisimamishe kabisa: iweke kwenye kikapu cha mvinyo ikiwa imeinama vilevile ilivyolala, upande uleule juu, uifungue na kuimimina humo humo. Matokeo ni bora kuliko ya chupa iliyosimamishwa kwa saa mbili.

Vifaa

Unahitaji dekanta (chombo cha kioo cha kumiminia mvinyo) nyembamba, si ile pana kama sahani. Dekanta pana ni ya mvinyo mchanga unaohitaji hewa nyingi. Mvinyo mzee hupoteza harufu yake humo kabla wageni hawajaketi. Ioshe kwa maji ya moto bila sabuni, iache ikauke ikiwa imepinduliwa, kisha inuse. Ikiwa na harufu ya kabati, suuza kwa vijiko viwili vya mvinyo mwekundu wa kawaida na uvimwage. Glasi nazo zinuse vivyo hivyo. Ziwe kubwa, zenye mdomo uliobana kidogo, moja kwa kila mtu na moja ya ziada ya kuonjea.

Kizibuo ndicho kifaa kinachookoa au kuharibu shughuli nzima. Kile cha kawaida cha wahudumu hufanya kazi vizuri hadi chupa iwe na miaka 20 hivi, mradi nondo yake, yaani chuma cha msokoto kinachoingia kwenye kizibo, iwe ndefu, kwani vizibo vya Latour hukaribia sentimita tano na nusu. Zaidi ya umri huo kizibo huwa kimelegea na kulowa, na nondo peke yake hukikata katikati. Kuna kifaa chenye ncha mbili bapa zinazoshuka ubavuni mwa kizibo, kati yake na kioo. Hukikamata bila kukitoboa. Udhaifu wake ni kwamba kizibo kilicholegea sana husukumwa ndani ya chupa. Bora kuliko vyote ni kile kinachounganisha nondo na ncha hizo mbili: nondo hushikilia kizibo kisianguke, ncha hukikumbatia pembeni. Kwa chupa ya miaka 30 na kuendelea, tunakishauri bila kusita.

Ongeza tochi ndogo au mshumaa, kitambaa cheupe, kipimajoto, na kichujio cha wavu wa chuma chenye matundu madogo sana. Usitumie karatasi ya kuchujia kahawa. Huacha ladha yake.

Kufungua

Mlo ukiwa saa mbili usiku, toa chupa mahali pa baridi kama saa kumi na moja na nusu, ukiibeba wima. Lengo ni nyuzijoto 15 au 16 kwenye dekanta. Katika glasi itapanda yenyewe hadi 17 au 18. Ikizidi 20 pombe hutangulia puani na mvinyo huonekana umelegea. Ikiwa chini ya 14, tanini huwa kali na harufu hazipandi.

Ondoa kifuniko chote cha bati, si sehemu ya juu tu, kwa sababu utahitaji kuona ndani ya shingo. Kwenye chupa za kabla ya miaka ya 1990 kifuniko hicho huwa cha risasi, madini yenye sumu, kwa hiyo futa mdomo wa chupa vizuri kwa kitambaa chenye maji, nje na juu ya kizibo. Ukungu mweusi utakaokutana nao hapo ni wa ghalani na hauna madhara kwa mvinyo. Ufute tu.

Ukitumia kifaa kile kinachounganisha nondo na ncha mbili, ingiza kwanza nondo wima katikati ya kizibo, ukizungusha mkono wako na kuiacha chupa imetulia mezani. Kisha teremsha ncha, ile ndefu kwanza, ukiyumbisha kidogo huku na huku. Usisukume moja kwa moja. Zikishafika mwisho, zungusha kifaa chote polepole huku ukivuta juu. Hesabu dakika moja nzima. Kishindo cha kizibo kinachotoka ghafla hutibua mashapo uliyoyangoja siku tatu.

Kizibo kikikatika, acha kwanza. Kipande kilichobaki kikiwa kirefu, ingiza nondo kwa mshazari ili ishike kwenye ukuta wa kizibo na kukibana kwenye kioo, kisha vuta. Kikiwa kifupi au kimegeuka makombo, kisukume ndani na uendelee kumimina kupitia kichujio. Mvinyo hautadhurika kwa dakika hizo chache.

Kuonja, kisha kuamua

Mimina kijiko kikubwa au viwili kwenye glasi ya ziada, bila kuinamisha chupa zaidi ya inavyolazimu. Hapa hupimi utamu. Unataka kujua mambo mawili: mvinyo ni mzima, na una nguvu kiasi gani.

Harufu nzito, kama ya chumba kilichofungwa au ya ngozi yenye jasho, isikutishe. Ni hewa ya ndani ya chupa na huondoka kwa dakika kumi au ishirini. Watu humwaga mvinyo mzuri kwa kukosa subira hapo. Harufu ya kartoni iliyolowa ni jambo jingine: kizibo kimeambukizwa kemikali iitwayo TCA, na hewa huizidisha badala ya kuiondoa. Hakuna dawa. Siki kidogo kwenye mvinyo wa miaka 40 huvumilika, ila ikiambatana na harufu ya rangi ya kucha mvinyo umekwisha. Ukipata harufu ya njugu na tufaa lililokatwa likaachwa, hewa imeingia siku nyingi.

Mvinyo mzima wa Latour katika umri huu hunukia mwerezi, tumbaku, majani makavu, risasi ya penseli na zabibu nyeusi zilizokauka. Kama kwenye glasi matunda bado yanasikika wazi na tanini inashika ulimi, utaupa hewa saa moja na nusu hadi mbili. 1996 hustahimili hata zaidi ya hapo. Ukiwa mwepesi, wenye harufu nyingi tayari, umimine dekantani dakika 15 kabla ya kunywa na si zaidi. Mvinyo wa miaka 50 na kuendelea huweza kung'aa kwa nusu saa kisha ukafifia, na ukifika hapo hakuna kuurudisha nyuma. Ukisitasita, mimina kwa kuchelewa. Hewa iliyopungua itapatikana ndani ya glasi.

Kumimina dekantani

Weka tochi au mshumaa mezani, mwanga ukipita pale shingo inapokutana na bega. Mshumaa uwe mbali kiasi cha kutopasha kioo. Shika dekanta kwa mkono mmoja, chupa kwa mwingine, lebo ikitazama juu. Inamisha chupa mpaka mvinyo uanze kutiririka kwa uzi mwembamba kwenye ukuta wa dekanta, na tangu hapo usiirudishe wima hata mara moja. Kila ukiirudisha, wimbi ndani ya chupa huchota mashapo. Chukua dakika mbili au tatu.

Robo tatu za mwanzo huwa angavu. Kisha utaona moshi mwembamba ukitambaa kuelekea shingoni, ukifuatwa na uzi mweusi. Moshi ukifika kwenye bega, punguza kasi; uzi ukiingia shingoni, simama. Kitakachobaki chupani ni mililita 40 hadi 60, na kishawishi cha kukamua hicho kidogo ndicho huharibu mengi. Kiache. Kama kukimwaga kunauma, kichuje kwa kichujio na ukitie kwenye mchuzi wa nyama.

Chupa ya mililita 750 basi hukupa takriban mililita 700. Kwa watu sita ni glasi moja ya kutosha kwa kila mtu, ikimiminwa mara mbili: nusu mwanzoni, nusu baada ya dakika 40, maana mvinyo hubadilika na ni hasara kuumaliza wote ukiwa katika hali yake ya kwanza. Usijaze glasi kupita theluthi.

Chakula

Pauillac ina mwanakondoo wake, agneau de Pauillac, na kumwoka kwa chumvi, kitunguu saumu kidogo na mafuta yake mwenyewe kunatosha. Tanini za Latour iliyokomaa zimelainika, hivyo hazihitaji tena mafuta mengi kuzituliza. Zinahitaji chakula kisichopiga kelele. Pilipili huua harufu, na saladi yenye siki hufanya mvinyo uonekane mtamu kwa namna isiyopendeza. Jibini la buluu lina chumvi kali mno. Jibini la Comté lililokomaa linafaa zaidi. Sosi ya nyama isitiwe sukari.

Mvinyo ukibaki dekantani, utie kwenye chupa ndogo safi ya mililita 375 hadi ijae juu kabisa, uizibe na kuiweka kwenye jokofu. Chupa ya 1996 au changa zaidi itakuwa bado nzuri kesho yake. Ya 1982 ni heri imalizwe usiku uleule. Osha dekanta kabla hujalala, kwa maji ya vuguvugu peke yake, kwa sababu doa la Cabernet likikauka kwenye shingo nyembamba hulipati tena kwa kitambaa. Utahitaji mchele mbichi na maji, utikise kwa dakika kadhaa.